Corolla 110 inakunywa mafuta: nifunge nini?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina Toyota Corolla 110 ya mwaka 1999, injini ya 5A, gia otomatiki. Naishi Kibaha na kazi yangu iko Kariakoo, kwa hiyo kwenda na kurudi ni kama kilomita 80 kwa siku. Gari linanipa kilomita 8 tu kwa lita. Fundi wangu ananishauri nifunge sumaku kwenye bomba la petroli. Jirani yangu kafunga chupa ya maji inayotoa hidrojeni na anaapa inasaidia. Pia nimeona video za Wamarekani wanaobadilisha bodi za magari ya zamani hadi yanatumia mafuta kidogo ajabu. Nina spana, jeki, mita ya umeme na Jumapili zangu. Nifanye nini mwenyewe nyumbani? Na mafuta ya gesi je, niyafikirie?

Jibu: Marahaba. Kabla hujatoa hela ya sumaku, niambie kwanza hizo kilomita 8 umezipataje. Wengi wanaonijia na malalamiko haya huweka mafuta ya elfu ishirini, huendesha mpaka taa ya njano iwake, kisha hukisia. Mshale wa mafuta wa Corolla ya miaka hiyo haufai kwa hesabu. Jaza tangi mpaka bunduki ya pampu ijikate yenyewe mara ya kwanza, usiongeze tena, kisha sifurisha kihesabu cha safari. Tembea mpaka tangi lipungue zaidi ya nusu, rudi kituo kilekile, ikiwezekana pampu ileile, jaza kwa namna ileile. Gawa kilomita kwa lita zilizoingia. Fanya hivyo kwa tangi tatu mfululizo na uandike kwenye daftari linalokaa ndani ya gari. Angalia pia saizi ya matairi: kama mwenye gari wa kwanza aliweka makubwa kuliko ya kiwandani kwa asilimia 5, basi ukitembea kilomita 100 dashibodi inaonyesha 95, na utalilaumu gari bure.

Tuseme namba yako ni ya kweli. Kwa kilomita 80 unateketeza lita 10 kwa siku. Ukifika kilomita 11 kwa lita utatumia lita 7.3 hivi. Ukifika 14 utatumia 5.7. Ona kwamba hatua ya kwanza inakuokolea lita 2.7 na ya pili, ambayo ni kilomita tatu zilezile, inakuokolea 1.6 tu. Nalisema hili kwa sababu watu huhangaikia hatua ya pili, yenye vifaa vya ajabu na bodi za kuchonga, wakati ya kwanza hawajaigusa. Na ya kwanza kwa gari lako inapatikana. Injini ya 5A-FE ni ya sentimita za ujazo 1,498, valvu 16, na nozeli, yaani vinyunyizio vya petroli, zinaendeshwa na kompyuta. Ikiwa nzima haina sababu ya kukupa 8, hata kwa foleni ya Morogoro Road.

Gari la umri huo likianza kunywa, ninatafuta kilichotolewa, kilichorukwa au kilichochakaa tangu lilipotoka Japani. Hapo ndipo Jumapili zako ziende.

Anza na thamostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Nina wasiwasi mkubwa kwamba gari lako halina. Hapa kwetu gari likichemka mara mbili, fundi hutoa thamostati, hutupa, na mara nyingi huunganisha feni ya rejeta moja kwa moja izunguke muda wote ufunguo ukiwa umewashwa. Gari linaacha kuchemka, mteja anafurahi, na kuanzia siku hiyo mafuta yanapotea. Kompyuta ya injini, ile wanayoiita kontroo boksi, husoma joto la maji kupitia sensa ndogo. Maji yakiwa ya baridi inaamini injini ndiyo kwanza imewashwa asubuhi, na injini baridi hupewa petroli zaidi kwa sababu petroli haigeuki mvuke vizuri kwenye kuta za baridi. Bila thamostati, ukitoka Kibaha asubuhi barabara ikiwa wazi, upepo unaipiga rejeta, feni nayo inapiga, maji hayafikii joto lake, na injini inabaki katika hali ya "ndiyo kwanza nimeamka" mpaka Kimara. Oili nayo inabaki nzito, na silinda zinalika mapema.

Kujua kama ipo ni rahisi. Injini ikiwa baridi kabisa, washa, ushike hosi ya juu ya rejeta. Thamostati ikiwepo, hosi inabaki ya ubaridi kwa dakika kadhaa, kisha inapata moto kwa ghafla. Isipokuwepo, hosi inapashwa polepole tangu mwanzo. Dalili nyingine ni mshale wa joto kushuka ukiwa kwenye mwendo mrefu na kupanda kwenye foleni.

Thamostati ya injini hizi huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, na namba huwa imegongwa kwenye chuma chake. Ukinunua, usiamini boksi. Iweke kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, chemsha, uangalie inafunguka lini na inafungukaje. Unapoifunga, kile kipini kidogo cha kupitishia hewa kikae juu. Lakini usiifunge kabla hujajua kwa nini gari lilichemka hapo zamani, la sivyo litachemka tena wiki hiyohiyo. Mara nyingi ni rejeta iliyozibwa na kutu ya maji ya bomba, mfuniko wa rejeta usioshika presha, au swichi ya joto ya feni iliyokufa. Safisha rejeta, weka kulanti badala ya maji matupu, badilisha mfuniko, rudisha swichi ya feni. Na mfuniko huo usiufungue injini ikiwa ya moto, nimeona mikono iliyoungua kwa haraka ya dakika kumi.

Ukiwa hapohapo, pima sensa ya joto la maji yenyewe kwa mita yako. Chomoa soketi yake upime ukinzani: kwenye nyuzi 20 iwe kati ya kiloomu 2 na 3, kwenye nyuzi 80 iwe kati ya 0.2 na 0.4. Sensa inayoonyesha kiloomu 2 injini ikiwa ya moto inaidanganya kompyuta kwamba injini bado ni ya baridi, na utapata hasara ileile ya kukosa thamostati. Bei yake ni ndogo.

Sasa kompyuta. Gari lako huenda haliendani na zile mashine za kuchomeka zinazosoma magari mapya, na ukienda kwa mtu wa kupima kwa mashine anaweza kukwambia haisomi. Huihitaji. Chini ya boneti kuna kiboksi chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSIS. Ndani yake kuna tundu la TE1 na la E1, michoro iko kwenye kifuniko. Zima injini, unganisha matundu hayo mawili kwa kipande cha waya, ukiangalia usiguse mengine, kisha washa ufunguo bila kustati. Taa ya injini kwenye dashibodi itapepesa. Ikipepesa kwa mwendo mmoja bila kupumzika, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikipepesa mara mbili, ikanyamaza kidogo, ikapepesa mara moja, hiyo ni 21, sensa ya oksijeni. Mbili na mbili ni 22, sensa ya joto la maji. Tatu na moja ni 31, sensa ya vakyumu. Na kama taa haiwaki kabisa hata ufunguo unapowashwa, balbu yake imetolewa. Kuna wauzaji wa magari wanaofanya hivyo, na mimi nikiikuta hivyo naacha kumwamini kila kitu kingine alichosema.

Sensa ya oksijeni ndiyo pua ya injini. Inanusa moshi na kuieleza kompyuta kama kuna hewa nyingi au petroli nyingi, ili mchanganyiko ubaki karibu na gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli. Ikifa, kompyuta huacha kusikiliza na kutumia hesabu ya tahadhari, ambayo mara nyingi ina petroli ya ziada. Ugumu ni kwamba sensa iliyozeeka huchoka kabla ya kufa: inajibu polepole na wala haiwashi taa. Kwenye nyingi ya injini hizi unaweza kuipima kwa mita ya mshale. Acha TE1 na E1 zikiwa zimeunganishwa, weka mita kati ya VF1 na E1, injini ikiwa imepata moto shikilia mizunguko 2,500 kwa dakika. Mshale unapaswa kuchezacheza angalau mara 8 ndani ya sekunde 10. Ukichezea mara mbili tatu au ukilala, sensa imechoka. Nunua mpya ya kampuni inayojulikana. Ya mtumba kutoka gari lililovunjwa ni bahati nasibu, maana unanunua uzee wa gari jingine.

Kagua pia ekzosti kati ya injini na sensa hiyo. Ikiwa na ufa au gasketi inayovuja, hewa ya nje huingia, sensa huinusa na kudhani injini inakosa petroli, na kompyuta kwa utiifu huongeza. Hili hutokea sana kwa magari yaliyotolewa masega, yaani kichuja moshi cha ndani ya ekzosti, na kuchomelewa bomba kiholela. Na kwa kuwa najua utashauriwa: kutoa masega hakukupi mafuta. Kama yameyeyuka na kuziba, gari litakosa nguvu na yabadilishwe; kama ni mazima, aliyekushauri uyatoe huenda anayataka yeye, maana yana madini ya thamani.

Kuna vitu viwili vya mpira ambavyo hugharimu karibu na bure na watu huvipita. 5A-FE haina kipima hewa cha moja kwa moja. Inakadiria hewa kwa sensa ya vakyumu, na sensa hiyo huvuta kupitia kihosi chembamba kutoka kwenye manifoldi, bomba la kuingizia hewa kwenye injini. Mpira ukipasuka kwa uzee, sensa huona vakyumu pungufu, kompyuta hudhani umekanyaga akseleta sana, na nozeli humwaga petroli. Kata hosi hiyo utupe, weka mpya ya vakyumu yenye kipenyo kilekile. Cha pili ni kihosi kinachokwenda kwenye regyuleta ya presha ya petroli, mwisho wa reli ya nozeli. Kichomoe. Ukikuta kimeloa petroli au kinanuka petroli vibaya, ngozi ya ndani ya regyuleta imetoboka na injini inanyonya petroli mbichi kupitia vakyumu bila kupita kwenye nozeli. Hapo regyuleta ibadilishwe, na hiyo kazi fanya injini ikiwa baridi, nje, mbali na jiko na sigara.

Taimingi nayo, yaani wakati plagi inapotoa cheche. Injini hii ina distribyuta, na mafundi wa mtaani huizungusha wakisikiliza kwa sikio. Kipimo ni nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu, injini ikiwa ya moto, ikinguruma taratibu bila kukanyagwa, na TE1 na E1 zikiwa zimeunganishwa. Sehemu ya mwisho ndiyo inayosahauliwa. Bila waya huo kompyuta inasogeza taimingi yenyewe mbele, kwa hiyo anayetafuta nyuzi 10 kwa taa bila kuunganisha anairudisha nyuma. Gari linakuwa zito, lina joto, linakula. Azima taa ya taimingi, ni kazi ya nusu saa. Plagi weka za namba iliyoandikwa kwenye kitabu, zikiwa mpya. Waya za plagi zilizopasuka utaziona usiku zikitoa cheche ukifungua boneti gizani.

Ukimaliza injini, njoo chini. Piga jeki, weka stendi, si matofali wala jeki peke yake, na zungusha kila tairi kwa mkono gia ikiwa N. Tairi linalokwaruza au kugoma lina breki inayoshika. Pini za kalipa za mbele hukauka grisi na kung'ang'ania, pedi inabaki imebana diski, na unaendesha siku nzima huku umekanyaga breki kidogo. Njia nyingine: ukitoka mwendo mrefu na ukasimama bila kubana breki kwa nguvu, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikiwa na joto la kukufukuza na nyingine hazina, umempata mwizi. Chomoa pini, safisha, paka grisi ya silikoni ya breki. Brekipedi na diski zisipate grisi hata tone, na kama hujawahi kufungua breki, siku ya kwanza fungua ukiwa na mtu anayezijua.

Upepo wa matairi: kibandiko kiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, kwa Kijapani, lakini namba husomeka. Ikiandikwa 220 kPa au 2.2 ni sawa na psi 32. Pima asubuhi matairi yakiwa baridi, kwa geji yako mwenyewe, kila wiki mbili. Wizara ya Nishati ya Marekani inakadiria hasara ya asilimia 0.2 kwa kila psi 1 inayopungua kwenye matairi yote manne. Ni kidogo, ila ukiwa umepungukiwa psi 8 kama magari mengi ninayoyapima, ni bure kuiacha. Alaimenti ikiwa imekwenda, matairi yatakuonyesha kwa kulika upande.

Oili: 20W-50 imezoeleka sana kwetu na haiui injini kwenye joto letu, lakini kama yako hailambi oili, 10W-30 ni nyepesi zaidi na injini itazunguka kwa urahisi. Tarajia asilimia moja au mbili, si zaidi. Chujio la hewa utaambiwa ndilo siri kubwa. Lilikuwa siri kwenye magari ya kabureta. Maabara ya Oak Ridge huko Marekani ilichapisha vipimo mwaka 2009 vikionyesha kwamba kwenye magari ya nozeli na kompyuta, chujio chafu hupunguza nguvu ya kuondoka lakini karibu haligusi matumizi ya mafuta, kwa sababu kompyuta hupunguza petroli kulingana na hewa. Libadilishe kwa ajili ya vumbi la Kibaha lisiingie kwenye silinda.

Sasa sumaku. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limepima au kukagua vifaa zaidi ya 100 vya kudaiwa kuokoa mafuta, sumaku zikiwemo, na halijapata hata kimoja kinacholeta tofauti ya maana. Petroli haina chuma cha kuvutwa. Fundi wako muulize kama ataifunga, mpime tangi tatu, na akurudishie hela namba isipobadilika.

Kwa chupa ya jirani tupige hesabu, maana hii ina harufu ya sayansi. Chupa inavuta umeme, tuseme ampea 15 kwa volti 14, yaani wati 210. Umeme huo unatoka kwenye alteneta, ambayo hugeuza kama asilimia 60 ya nguvu inayopewa, kwa hiyo injini lazima itoe wati 350. Injini ya petroli nayo hupata kama robo ya nishati iliyomo kwenye mafuta, hivyo petroli ya wati 1,400 imechomwa. Kuvunja maji kwa ukarimu kunakurudishia asilimia 60 ya umeme kama gesi, yaani wati 126 hivi. Umetoa 1,400, umepata 126. Kwa nini jirani anaona nafuu? Mtu akishatoa laki mbili kwa kifaa, mguu wake unakuwa mwepesi. Tena vifaa vingine huja na kiboksi kinachodanganya sensa ili injini ichome petroli pungufu, na hiyo ndiyo inayoharibu valvu baadaye. Vivyo hivyo kwa fundi anayetaka kubana nozeli: sensa ya oksijeni ikiwa nzima, kompyuta itaona upungufu na kurudisha alichobana.

Wale Wamarekani wa kwenye video ni wa kweli, na wengine wana mafanikio makubwa, hasa kwa Honda Civic za miaka ya 1990. Wanafunika matairi ya nyuma kwa karatasi ngumu, wanaziba matundu ya grili, wanaweka sakafu laini chini ya gari, wanarefusha mkia wa gari uchongoke kama boti. Fizikia yao ni sahihi: upinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo. Ukitoka 80 kwenda 110 unakaribia kuuzidisha mara mbili. Wunibald Kamm, mhandisi wa Ujerumani, alikuwa anachunguza mikia ya magari kwa ajili hiyo tangu miaka ya 1930. Lakini wao wanatembea mwendo wa kasi isiyokatika kwa saa nzima, katika nchi zenye baridi ambako kuziba grili ni faida. Ukiziba grili yako hapa utarudi kwenye tatizo la kuchemka tulilolianza. Na mkia wa mita moja kwenye foleni ya Kimara utavunjwa na bodaboda kabla ya Ijumaa.

Chukua kidogo kwao. Ile kava ya plastiki chini ya injini, ambayo wauzaji wa oili huitoa na kuisahau gereji, itafute uirudishe. Hupunguza mvurugano wa hewa na huzuia tope. Keria ya paa kama huibebei kitu, ifungue leo. Ondoa mizigo kwenye buti: takriban kilo 45 ni asilimia moja ya mafuta, na boksi kubwa la spika linafika hapo kirahisi. Kifaa kimoja ambacho nakushauri ufunge kwa mikono yako ni geji ya vakyumu. Ni saa ndogo yenye bomba jembamba, unaiunganisha kwenye manifoldi kwa kiunganishi cha tundu tatu, unaiweka kwenye dashibodi. Mshale ukiwa juu, injini inakula kidogo, ukikanyaga, unaanguka. Haiokoi tone lenyewe, ila itakuonyesha gharama ya kila mkanyago papo hapo, na ndani ya wiki mguu wako utabadilika.

Maana mguu una sehemu yake. Kwanza angalia kama taa ya O/D OFF inawaka kwenye dashibodi. Watu hubonyeza kile kitufe cha kwenye mkono wa gia kwa bahati mbaya na kuendesha miezi bila gia ya juu. Taa iwe imezimwa. Pili, ukiona taa nyekundu mbele Ubungo, achia akseleta mapema ukiwa bado kwenye D. Injini ya nozeli ikivutwa na magurudumu hukata petroli kabisa mpaka mizunguko inaposhuka karibu na ya kusimama. Ukiweka N, kama wanavyofanya madereva wengi kwenye mteremko, injini inalazimika kuchoma petroli ili isizimike. Na siku ukienda Iringa ukaufanya mchezo huo kwenye Kitonga, breki zitakosa msaada wa injini na kupata moto mpaka zishindwe. Mafuta hayawezi kuwa sababu ya hilo.

Foleni ndiyo adui yako mkubwa baada ya thamostati. Injini ya ukubwa huo ikisimama inanguruma bila kutembea huchoma kama lita 0.7 kwa saa, na zaidi AC ikiwaka. Nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, siku 25, ni lita 17 na zaidi kwa mwezi bila kusogea. Ukijua utasimama zaidi ya dakika moja, na betri na stata yako ni nzima, zima. Kutoka Kibaha saa kumi na moja na nusu badala ya saa kumi na mbili na nusu kunaweza kukupa kuliko kifaa chochote nilichokitaja, ingawa najua watoto wa shule wana ratiba yao. Kwenye mwendo mdogo zima AC ufungue vioo. Ukishavuka 80 funga vioo na uwashe AC, maana vioo vilivyo wazi navyo huvuta hewa.

Umeuliza gesi. Gesi asilia iliyoshindiliwa haikupunguzii matumizi, inakubadilishia mafuta, na kwa anayetembea kilomita 80 kila siku hela inaonekana ukilinganisha na bei ya petroli ambayo EWURA hutangaza kila mwezi. Ila hiyo usiiguse nyumbani hata ungekuwa fundi. Mtungi wake hushika presha ya bar 200 hivi, na unataka mtungi wenye cheti na kufungwa na kituo kinachotambulika, kama kile cha Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT). Utapoteza sehemu ya buti na kuongeza uzito. Na usikimbilie huko ukidhani unalikimbia tatizo la sasa: mifumo ya gesi ya kisasa husoma muda ambao kompyuta ya petroli inafungua nozeli, kisha hutafsiri muda huo kuwa gesi. Sensa ya joto inayodanganya na thamostati isiyokuwepo vitakufuata mpaka kwenye mtungi, kwa hiyo kazi ya Jumapili ifanyike kwanza, namba za daftari zipande, ndipo uende kuulizia bei ya kufungiwa gesi.